Aliyevuka Mto Haitwi

2 Machi

Mke wangu ameondoka leo asubuhi. Kwa kuwa sina wa kumsimulia mambo ya siku, nitakuwa nayaandika hapa mpaka mvua ziishe na yeye arudi. Nyumba yetu ya vyumba viwili imekuwa kubwa ghafla. Nimekaa upande wangu wa kochi kana kwamba upande wake kuna mtu.

Kazi yake ni maji. Mvua zikianza, mto unageuka rangi ya chai ya maziwa, na mtambo wa kusafisha maji ulioko ng'ambo unahitaji watu wa ziada wa kupima tope na kuongeza dawa mchana na usiku. Mwaka huu wamemwita yeye, kwa msimu mmoja tu. Stendi nilimbebea begi. Nilitaka kumwambia asikae sana, nikajikuta namwambia asisahau koti la mvua. Alikuwa amelivaa.

4 Machi

Mvua ya kwanza. Imenyesha kidogo, ikaacha vumbi limelowa tu.

5 Machi

Lazima nieleze habari ya mchezo, la sivyo nikija kusoma haya uzeeni nitadhani niliwahi kuwa na jeshi.

Tuna kompyuta kuukuu, na ndani yake kuna mchezo mmoja wa miji na vita. Unaanza na kamji kamoja kwenye ramani iliyojaa giza. Unalima, unajenga, unatuma wapelelezi giza lifunguke, unapatana na majirani au unapigana nao. Mwaka wetu wa kwanza wa ndoa tuliucheza jioni hadi jioni, tukaishinda kompyuta kwa kila namna, mpaka ushindi ukawa hauna ladha. Ndipo siku moja mke wangu, akiwa anakata kucha, akasema labda sasa tujifunge mikono wenyewe tuone.

Basi tukaanza kutunga sheria. Hakuna kujenga kuta. Hakuna kushambulia wa kwanza. Hakuna kurudi nyuma: ukikosea umekosea, huruhusiwi kufungua mchezo wa jana na kujifanya hukuona. Askari akitoka hai katika vita vyake vya kwanza anapewa jina la mtu wa mtaani kwetu, na akifa, kompyuta inazimwa mpaka kesho yake kwa heshima ya msiba. Ndiyo maana siku moja nilimtazama kinyozi wangu kwa huzuni kwenye kioo mpaka akaniuliza kama amenikata.

Hizo zote ni za mke wangu. Zangu ni mbili, ngumu kuliko zake, na najivunia. Moja: mji mkuu hauhami, hata adui awe mlangoni. Ya pili: aliyevuka mto haitwi. Katikati ya ramani kuna mto mkubwa. Ukimtuma mtu ng'ambo yake, huna ruhusa ya kumrudisha. Mpe kazi hukohuko au mwache asimame. Sheria hii inakufanya ufikiri kabla ya kumtuma mtu. Mke wangu alisema huo si ugumu, ni roho mbaya. Lakini sheria ikishatamkwa na mmoja wetu, mwingine anaitii. Hivyo ndivyo tunavyoishi.

Tumekubaliana hivi: mimi nacheza, kila Jumapili nampigia simu kumpa habari za himaya, naye ananipa sheria moja mpya.

8 Machi, Jumapili

Sheria yake ya kwanza: hakuna soko mpaka kila mji uwe na kisima. Kazi imemwingia kichwani. Tulicheka sana. Amesema chumba alichopewa kina dirisha linalotazama matangi, na pampu zinanguruma siku nzima hata mtu anajikuta anaongea kwa sauti ya juu bila sababu.

11 Machi

Kazini nimechonga meno ya mwalimu mmoja mstaafu. Karakana yetu ni chumba kimoja nyuma ya zahanati ya meno. Ni ya mjomba wangu, kaka wa marehemu mama, ndiye aliyenifundisha kazi hii tangu nikiwa sijaanza kunyoa ndevu. Daktari anatuletea umbo la ufizi kwenye plasta, sisi tunapanga meno kwenye nta, tunajaribu, tunarekebisha, kisha tunamimina plastiki ya waridi na kung'arisha. Mjomba husema meno mazuri ni yale ambayo mwenyewe anayasahau mdomoni. Mwalimu huyu hayasahau. Anasema yanapiga mluzi.

12 Machi

Nimemvusha mpelelezi. Nilifikiri jioni nzima, halafu nikambonyeza akavuka. Tulimpa jina la Mpiga Mluzi, kwa sababu ya jirani wa ghorofa ya juu ambaye hupiga mluzi akiosha vyombo. Sasa amesimama juu ya kilima ng'ambo na giza limefunguka kidogo kumzunguka. Hakuna cha maana huko, ni nyasi na mawe tu.

15 Machi, Jumapili

Sheria ya pili: kabla ya kumaliza raundi, niseme kwa sauti sababu ya kila nilichofanya. Amesema mimi ni mtu wa kutenda bila kusema, na kwamba inachosha kuishi na mtu ambaye inabidi umbashirie. Nilidhani anatania.

18 Machi

Mjomba alipokuja kunitembelea, jirani wa juu amemuuliza kwenye ngazi kama niko salama, maana ananisikia jioni nikijieleza peke yangu kuhusu ngano.

22 Machi, Jumapili

Mvua sasa ni ya kweli. Mtaro wa mtaa umefurika na fundi viatu wa pale kona amehamishia kazi yake kwenye ngazi zetu.

Mke wangu aliuliza kwanza habari za Mpiga Mluzi, kabla hata hajauliza habari zangu. Nikamwambia yuko palepale. Akatoa sheria ya wiki: mtu akisimama peke yake bila kazi, lazima nimweleze kwa nini. Nikasema rahisi, nitamweleza kwamba ni sheria. Akauliza, "Na yeye anasemaje?" Nikamjibu kwamba hasemi kitu, ni mpelelezi. Akasema huko hali ya hewa ni baridi, na kwamba usiku amezoea kulala akiwa amevaa soksi zangu. Sikujua kama alizichukua. Nimeangalia kwenye droo, kweli hazipo, na nimefurahi kama mtu aliyeibiwa kitu akakuta kimeibwa na anayempenda.

29 Machi, Jumapili

Mtandao haukushika. Daraja limefungwa, hakuna gari linalovuka. Nimekaa na simu mkononi mpaka chai ikapoa.

30 Machi

Meno ya mwalimu yamerudi tena. Mluzi umepungua. Mvua haijapungua.

2 Aprili

Nimepika chakula cha watu wawili kwa mazoea. Nimekula chote kwa hasira.

5 Aprili, Jumapili

Nitaandika kwa mpangilio ili nisijidanganye.

Alipokea simu mapema, sauti yake ina uchangamfu wa mtu aliyebeba habari. Mkuu wa mtambo amempa nafasi ya kuongoza zamu, si ya msimu, ni ya mkataba wa miaka miwili. Anatakiwa ajibu kabla ya mwisho wa mwezi. Alieleza jinsi alivyogundua siku moja ya gharika kwamba dawa ilikuwa inawekwa kabla ya wakati wake, na jinsi wazee wa kazi walivyomsikiliza. Niliona fahari, Mungu ni shahidi. Nilimwona kichwani akiwa na buti za mpira na nywele zimefungwa, anaelekeza watu.

Akauliza, "Unaonaje?"

Nikamwambia uamuzi ni wake. Nikamwambia sitaki kuwa mtu wa kumvuta mkono mwenzake anapopanda. Nilijiona muungwana sana nilipokuwa nayasema hayo. Yeye akasema, haya, asante. Hakutoa sheria ya wiki.

Nilipokata simu nilikaa sakafuni, mgongo ukiwa kwenye kochi. Ninamtaka hapa. Nataka kusikia bomba likifunguliwa jikoni na kujua ni yeye, nataka anikanyage vidole akipita kwenda kuzima taa. Lakini nataka arudi kwa hiari yake. Mtu akirudi kwa kuombwa, utajuaje kama alitaka?

9 Aprili

Mvua. Nimeshindwa kucheza. Nimefungua ramani, nikamtazama Mpiga Mluzi kwenye kilima chake, nikafunga.

12 Aprili, Jumapili

Leo ameniletea sheria ambayo hatujawahi kuwa nayo. Amesema, "Wiki hii hakuna kuongeza. Futa sheria moja. Chagua mwenyewe ipi."

Nikamuuliza yoyote? Akasema yoyote, hata iwe yako. Alisema polepole, kama mtu anayepima dawa. Kisha akasema atasubiri Jumapili, na kwamba nifikiri vizuri.

Nimechangamka kwa mara ya kwanza tangu aondoke. Mchezo umepata uhai.

14 Aprili

Nimefikiri hata kazini. Mjomba amenikuta nimepanga jino la mbele kwenye nafasi ya gego, akaniuliza kama namtengenezea meno mtu au mamba.

16 Aprili

Nimeamua. Nimefuta sheria ya kuta. Adui wa kaskazini amekuwa akinisumbua tangu mvua zianze, na ukweli ni kwamba ndiyo sheria iliyotugharimu zaidi. Nimejenga ukuta wa mawe kuzunguka mji mkuu, na minara kwenye kila pembe. Ni kitu cha kupendeza. Nina hamu ya kumwambia.

19 Aprili, Jumapili

Nilimwambia. Nilieleza minara, nikaeleza jinsi adui alivyokuja akapiga kichwa kwenye jiwe akarudi kwao. Nilieleza kwa muda mrefu kabla sijagundua kwamba upande wa pili kuna pampu tu.

"Kuta," alisema. "Umechagua kuta."

Nikamuuliza kama ameudhika, kwa kuwa sheria ile ilikuwa yake. Akasema hapana, hajaudhika na hilo. Akasema ana zamu, akakata.

Nimekaa nikitafuta kosa. Niliambiwa nichague, nikachagua.

22 Aprili

Nimempigia, hakupokea. Ameandika ujumbe kwamba mto umepanda na wako kazini wote.

26 Aprili, Jumapili

Hakupokea. Mvua imenyesha tangu alfajiri bila hata kuvuta pumzi.

28 Aprili

Ujumbe wake umeingia nikiwa kwenye mashine ya kung'arisha. "Nimesaini. Nitakuja kuchukua nguo zangu daraja likifunguliwa. Jitunze."

Meno ya mwalimu yaliniponyoka, yakagonga sakafu, yakapasuka katikati.

Mjomba alizima mashine. Akayaokota, akayatazama kwenye mwanga, akasema haya yanaungika. Kisha akaniuliza kuna nini. Nikamweleza yote: kazi ya ng'ambo, simu za Jumapili, sheria, kuta. Mjomba hajui hata kuwasha kompyuta. Alisikiliza huku anapaka nta kwenye ufa, na nilipomaliza aliuliza swali moja.

"Ulimwambia arudi?"

Nikamwambia hapana.

"Hata mara moja?"

Nikaanza kumweleza kwamba sisi tuna utaratibu, kwamba aliyevuka mto haitwi, nikaishia hapo. Nikasikia nilichokuwa nasema. Nikamsikia mke wangu akisema hata iwe yako. Alikuwa ameniwekea mlango wazi wiki nzima, na mimi nikaenda kujenga ukuta na minara kwenye kila pembe, kisha nikampigia simu kumsifia mawe.

Mjomba amenituma nyumbani mapema. Njiani nililia kwenye mvua, na kwa hilo tu naishukuru mvua.

29 Aprili

Nimefungua mchezo. Nimefuta sheria, kwa sauti, kama alivyonifundisha. Nikambonyeza Mpiga Mluzi arudi.

Akageuka palepale. Raundi ileile akaanza kushuka kilima. Hakununa, hakuuliza mbona nimechelewa. Lakini mke wangu si mpelelezi wa kubonyezwa, na sheria yetu nyingine inasema hakuna kurudi nyuma.

3 Mei, Jumapili

Alipokea. Sikumpa habari za himaya.

Nilikuwa nimejiandaa na maneno mengi, na yote yalipotea nilipomsikia akisema haloo. Nikasema, "Rudi nyumbani."

Pampu zilinguruma. Nikadhani hakusikia.

"Sema tena," alisema.

"Rudi nyumbani. Nakutaka hapa. Nilikutaka tangu stendi."

Nilipomsikia tena sauti yake ilikuwa nzito. Akasema neno hilo angelipata mwezi uliopita, angekuja hata kwa miguu, daraja liwe wazi au lifungwe. Kila Jumapili alikuwa anaoga, anavaa vizuri, anakaa karibu na dirisha kusubiri nilitamke, kama mtu anayesubiri wageni. Wale wa mtambo walimwita kwa jina. Mimi nilimwambia uamuzi ni wake. Akafikiri nimechoka naye, na kwamba uungwana wangu ni njia yangu ya kumwachia mkono bila lawama.

Nikamwambia si kweli. Akasema sasa anajua, anasikia. Lakini ameshasaini, na zaidi ya kusaini, kazi anaipenda. Kuna asubuhi maji yanatoka kwenye tangi la mwisho meupe kabisa, na anajua ni yeye. Hataki kuiacha, hata kwa ajili yangu, na hataki nimwombe aiache.

Nikauliza, "Na mimi je?"

"Wewe mji mkuu wako hauhami," alisema. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayenikumbusha siku ya wiki.

4 Mei

Sijaenda kazini. Mvua imekatika mchana, mara ya kwanza kwa muda mrefu. Jirani wa juu ameosha vyombo na kupiga mluzi. Nimesikiliza mpaka sahani ya mwisho.

7 Mei

Nimemwambia mjomba kwamba nami nataka kuvuka mto. Nilikuwa nimepanga kuanza mbali, kwa shukrani za miaka yote, lakini alinikatiza kwenye shukrani.

"Watu wa ng'ambo hawana meno?" aliuliza.

Nikamwambia wanayo, na wengine hawana, hao ndio wateja. Akasema basi. Akarudi kwenye plasta yake. Baadaye nilimwona ameshika ileile plasta, haichongi, anaitazama tu. Nikaenda kumchemshia chai. Tulikunywa tumekaa kwenye vigoda. Nampenda mzee huyu na sijawahi kumwambia hilo pia. Nimemwambia leo. Amesema chai ina sukari nyingi.

10 Mei, Jumapili

Sikumpigia mke wangu kumwambia. Nataka nifike, nisitangaze. Jioni nimehamisha mji mkuu kwenye mchezo. Mashamba nimepoteza, majirani wawili wamevunja urafiki, hazina imebaki tupu. Kuta zile nimeziacha kwa sababu hazibebeki. Mpiga Mluzi, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amefika nyumbani, nimemgeuza tena kuelekea mtoni, na safari hii himaya nzima iko nyuma yake.

13 Mei

Mwalimu amechukua meno yake. Ameyavaa, akasoma tangazo lililo ukutani kwetu kutoka juu mpaka chini bila mluzi hata mmoja. Kisha akasahau kuyavua, akaenda zake. Mjomba amenipiga begani.

15 Mei

Daraja limefunguliwa.

17 Mei, Jumapili

Naandika nikiwa ng'ambo, kwenye kiti cha plastiki, chumba chenye dirisha linalotazama matangi.

Mjomba alinisindikiza stendi. Kwenye begi langu alichomeka kisu chake cha nta, kile chenye mpini uliolika kwa kidole gumba chake, ambacho miaka yote nilikatazwa hata kukigusa. Hakusema kwaheri. Alimwelekeza kondakta namna ya kuweka kompyuta isigongwe. Gari lilipopita darajani maji yalikuwa bado na rangi ya chai ya maziwa, yamebeba matawi, na nilitazama chini mpaka ukingo wa pili.

Nilimkuta kwenye lango la mtambo anatoka zamu, buti za mpira miguuni, koti la mvua begani ingawa jua lilikuwa linawaka. Aliona begi. Aliona kompyuta niliyoikumbatia na waya wake umenizunguka shingoni. Alisimama mbali kidogo.

"Umekuja kunichukua?" aliuliza.

"Nimekuja," nilisema. "Nimehama."

"Nani kakuita?"

"Hakuna aliyeniita."

Alikunja uso kama anayetaka kucheka na kulia akakosa la kuanza nalo. Akasema hata yeye ni mjinga vilevile, maana tangu Jumapili ile alikuwa anashika simu aniambie nije, anaiweka, eti kwa kuwa mji mkuu hauhami. Sheria si yake, hakuipenda, na bado aliitii. Nilitaka kumkumbatia lakini nilikuwa na kompyuta mikononi.

Hapo simu yangu ikalia mfukoni. Yeye ndiye aliyeitoa, akaibonyeza sauti isikike, akaishika karibu na mdomo wangu. Alikuwa mjomba. Aliuliza brashi ndogo ya kung'arishia iko wapi.

Nikamwambia iko kwenye kopo lake, juu ya rafu, inapokaa siku zote.

"Naiona," alisema mjomba. "Nilikuwa nakuita tu. Mvua zijazo njoo unisaidie, umesikia? Nitakuita tena kesho."

Nikasema nimesikia. Akakata.

Mke wangu aliendelea kuishika simu ile, ameitazama. "Umeona?" alisema. "Ni hivyo tu."

Kisha akanipokea kompyuta, akatangulia, na alipofika kwenye kona akageuka akaniita kwa jina langu, ingawa nilikuwa nyuma yake hatua chache tu. Niliitika.